Nyumba Kumi na Moja na Kibla Kimoja

Wakati ule wa neema ya mafuta matajiri wenzake bosi wetu walirudi kutoka Uingereza na magari. Yeye karudi na picha ya mtaa, kaiweka mfukoni mwa kanzu. Nyumba zimeshikana mabega, zimejipinda kama mwezi mchanga, madirisha marefu yamepangwa kama askari wa gwaride. Akatueleza kuwa ni za zama za wafalme wao wanne waliofuatana, wote Joji. Nikasema moyoni, watu waliokosa hata jina la pili la kumpa mfalme, nyumba za sura mbili wangezitoa wapi?

"Nataka kumi na moja," bosi akasema, "na isiwepo inayotofautiana na mwenziwe hata unywele."

Basi mimi na ami yangu tukatoka Kandara, Jeddah, tukaenda Riyadh kujenga Uingereza kwenye mchanga. Ami ndiye msimamizi. Mimi fundi wa plasta, miaka ishirini na mbili. Shule niliishia la sita, mdomo nikaendelea nao. Ikama ya ami, kibali chake cha kuishi nchini, ilikuwa inakwisha, na kafili wake, yaani mdhamini, ni huyo huyo bosi. Nyumba ya sita, ya katikati, ilikuwa ya mama yake bosi. Makubaliano mafupi: mama akiikubali, karatasi za ikama zinasainiwa, akiikataa, halas, ami arudi Unguja, ambako hajabakiwa na hata mtu wa kumpokea mzigo. Mkewe na watoto wote wako Kandara.

Siku mbili kabla ya mama kuja, alasiri ilinikuta nyumba ya sita. Sasa, mtaa ukipinda, kila nyumba imegeukia kwake. Ya kwanza nilikuwa nikisali nautazama mlango, ya tatu nazitazama ngazi. Ya sita nikatafuta kibla, kikanielekeza chooni. Nilipomaliza kusali nikaingia humo kuhakikisha, nikachuchumaa na suruali yangu. Naam. Uso Makka, kama nimepimiwa kwa kamba.

Nikamwita ami. Naye akachuchumaa. Akabaki pale pale chini mpaka nikamuuliza kama aletewe maji.

Akaniambia ninyamaze, hayawani mkubwa. Kukielekea kibla chooni ni haramu; choo kikibaki hivyo, mama anaikataa nyumba. Kikigeuzwa, cha sita si sawa na cha tano, na bosi kasema hata unywele. Nikamshauri tuugeuze mtaa mzima. Akanirushia mwiko.

Asubuhi tukaenda kwa bosi, ami kasimama kama mwizi wa kuku. Bosi alimsikiliza, akaitoa picha, akaigonga kwa kidole. Kama picha, akasema, na si vinginevyo.

Nikaiomba niitazame. Nikaigeuza huku na kule, mpaka mgongoni nikaangalia.

"Bosi, humu choo chao kiko wapi?"

Ami akafumba macho. Bosi akaikodolea ile picha kama ndiyo kwanza aione. Halafu akaanza kucheka kidogo kidogo, akakiri kuwa kule alipotea njia akatokea nyuma ya nyumba zile, akakuta fujo tupu: huyu kaongeza chumba, yule kapitisha bomba nje, kila mtu na lake. Usawa wote uko mbele, kwa ajili ya wapita njia.

"Kigeuzeni," akasema. "Yalla."

Tukavunja vigae, tukaligeuza sinki la choo, tukasakafu upya.

Mama akaja. Madirisha hakuyatazama. Akauliza choo, akauliza kibla, akachungulia, akaitikia kwa kichwa. Ami akapumua, mara ya kwanza tangu juzi. Yule bibi akatoka kufuata mkoba wake garini, akarudi akaingia nyumba ya tano. Tukamsikia ukutani anagomba, nani kamhamishia choo chake mara hii.

Tukaenda kumtoa.

"Nyumba nimeipenda," akamwambia mwanawe. "Lakini nitakuja kuingia kwa waume za watu. Mlango wangu upakeni kijani."

"Mama, kwenye picha milango yote ni myeusi."

"Basi nenda kakae wewe kwenye picha."

Bosi akairudisha picha mfukoni, akaomba kalamu, akazisaini karatasi za ami juu ya boneti ya gari. Ami akanipa brashi. Mlango ule niliupaka mikono mitatu ya rangi, bibi asije akapotea tena na ikama yetu.