Bitana ya Koti la Bruno Wuttig

Shemeji yangu Ottfried Klemke hakuoa, na msinilaumu mimi, maana nilimtafutia wachumba watatu. Wa mwisho, mwalimu kutoka Torgau, alikaribishwa kahawa akaishia kuoneshwa tai mia mbili na kumi wa reli. Hakurudi tena.

"Shemeji," nikamwambia, "mgeni wa kike haoneshwi mabati siku ya kwanza!"

"Hakujua hata zinki ni nini, Traudel," akanijibu, kama vile mwenye kosa ni yule mama.

Ndivyo alivyokuwa huyo ndugu wa marehemu mume wangu. Miaka thelathini na minane alikuwa fundi breki wa mabehewa hapa Falkenberg, na roho yake yote ilikuwa kwenye nembo za reli za wakati wa vita: tai wa chuma waliobandikwa kwenye injini, magurudumu yenye mabawa ya kwenye kofia, na zaidi ya yote tai wa kufumwa walioshonwa kwenye mkono wa koti, kila mmoja na jina la wilaya yake ya reli juu ya kichwa. Enzi za serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki aliwaficha chini ya makaa. Ilipoondoka akawatoa, akawapanga mezani siku za maonesho katika banda la zamani la injini, kila msalaba uliopinda wa Wanazi ameuziba kwa kipande cha plasta nyeusi kama sheria inavyotaka. Mimi nilikaa mlangoni nikiuza kahawa na keki ya zambarau.

Watu walitoka mbali kumletea nembo azitambue. Aliipima kiganjani, akainusa, akaimulika kwa taa ya rangi ya buluu kuona kama uzi ni wa juzi. Hakuwa na simile. "Hii kampe mjukuu achezee," alimwambia mzee mmoja wa Cottbus, na yule mzee wa watu nusura alie. Nilimkaripia, akashangaa. Ukweli ni ukweli, alisema, unadhuru nini?

Basi Septemba ya mwaka tisini na nane akaingia Hannelore Wuttig, tuliyekua naye mtaa mmoja. Baba yake, Bruno, mpanga mabehewa, alipelekwa mashariki, Urusi, mwaka arobaini na tatu. Miaka miwili baadaye, wakati wa baridi, mtu asiyejulikana alibisha hodi, akamkabidhi Hannelore, mtoto wa miaka minane, koti la reli, akasema "la Bruno," akaenda zake. Kaka mtu akalivaa, akaondoka nalo kwenda kuchimba makaa. Hannelore hakuliona tena.

Alipita mbele ya sanamu ya mbao iliyovalishwa koti, akasimama. Akautoa nje mfuko wa koti. Ndani kulikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kijani.

"Traudel! Huu ni mshono wa mama! Hili ni koti la baba!"

Nikaacha birika nikamkimbilia. Alikuwa anausoma mkono wa koti kwa kidole. "Halle," akasema. "Kumbe walimrudisha! Alikuwa hapa hapa jirani, na mimi namtafuta Urusi miaka hamsini na tatu!" Akanishika mabega huku machozi yanamtoka. "Wale wanaotafuta waliopotea huniuliza jambo moja tu kila mwaka: mara ya mwisho alikuwa wilaya gani? Bila hiyo hawajui wafungue orodha ipi. Kesho nawaandikia. Safari hii kaburi nitalipata, Traudel, nitakwenda na maua yangu!"

Ottfried alikuwa amesimama nyuma yetu, uso mweupe kama unga. Mimi nilijua tai yule katoka wapi. Koti lile alilinunua mnadani kwa mjane wa kaka yake Hannelore, bila kuuliza limetoka wapi. Nikamkonyeza: nyamaza, mwache afurahi. Mungu anisamehe, nilimkonyeza mara mbili.

"Bibi Wuttig," akasema, "huyo tai nimemshona mimi. Koti lilikuja mkono mtupu. Nilikuwa na tai wawili wa Halle, nikaona... nikaona lipendeze."

Hannelore alijifuta macho polepole. "Sawa. Mama atakuwa alimfumua yule wa kwanza, Warusi walipoingia. Lakini wale watafutaji waliniambia koti la reli lina muhuri wa stoo ya nguo pia, ndani ya mkono. Nao una jina la wilaya."

Akaingiza mkono, akaigeuza bitana, kile kitambaa cha ndani. Ilikuwa ya kijivu, safi, inang'aa.

"Hii ni mpya, Bwana Klemke."

"Ya zamani ilichanika. Niliitoa."

"Ilikuwa na muhuri?"

"Ilikuwa nao. Wino wa zambarau."

"Umeandikwa nini?"

"Sikusoma," akasema. "Mimi ni mtu wa tai, Bibi Wuttig. Niliangalia tu mahali pa kumshona."

"Na kitambaa kiko wapi?"

Akawatazama tai wake wa chuma pale mezani, wanavyometameta. "Niliwasugua nacho hao," akasema. "Kikachakaa, nikakitupa jikoni kwenye moto."

Hannelore hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliomba tu yule tai atolewe. Ottfried akashika mkasi, nikamnyang'anya nikafumua mwenyewe. Nilikuwa nalia kwa hasira, sijui kumkasirikia nani, yeye au mimi niliyekonyeza.

Hannelore akalivaa koti na joto lote lile, limempwaya, akaelekea mlangoni. Ottfried akamfuata akijikwaa kwenye viti.

"Nitakusaidia kuwaandikia! Leo hii hii, Bibi Wuttig! Najua wilaya zote za reli, zote!"

Hannelore akageuka. "Utawaandikia wilaya ipi, Bwana Klemke?"