Niliitwa Daktari Nikiwa First Year, Kumbe Mgonjwa Ni Mimi

Wakuu, habari zenu. Hii nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini na sijaiongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke tu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mtu wa kwanza kwetu Dunga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kuingia chuo kikuu, tena kusomea udaktari. Kwa watu wa kwetu, ukishaingia umeshakuwa daktari. First year ni nini, hakuna aliyejua.

Narudi likizo, nakuta foleni mlangoni. Mama yangu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ametangaza soko zima. Wazee wa magoti, watoto wenye homa, mmoja hata ameniletea kuku. Na mimi nilichojua ni majina ya mifupa, basi.

Nikawa nawaelekeza waende hospitali. Wakawa wanarudi kesho yake.

Wasichojua ni kwamba nilikuwa nimefeli anatomy, somo la viungo vya mwili. Nilibakisha wiki tatu nirudie mtihani, na nikifeli tena nafukuzwa.

Chakula hakipiti. Vitabu sifungui. Nalala mchana kutwa nimegeukia ukuta. Siku hizi mnaita depression, wakati ule tuliambiwa ni kusoma sana. Niseme wazi, kuna siku nilitamani nisiamke.

Asubuhi moja mama akaja kuniambia wagonjwa wanasubiri. Nikashindwa kuinuka. Nikamweleza yote, mtihani na hayo ya kutoamka, huku nalia kama mtoto.

Nilijua atanikaripia kwa aibu nitakayomletea. Alikaa kitandani, akanishika mguu, kisha akatoka nje. Nikamsikia:

"Wazee wangu, mrudi nyumbani. Huyu bado ni mwanafunzi, na leo mgonjwa ni yeye. Mimi ndio nilidanganya nyinyi."

Kuku akamrudishia mwenyewe. Kwa mwanamke aliyejigamba vile, hapo alijivua nguo mbele ya watu. Sijawahi kupendwa hivyo.

Omena haikuuzwa siku hiyo. Alinipeleka hospitali na kumweleza clinical officer, tabibu wa pale, hali yangu bila kuficha kitu, kisha kila asubuhi akanikalisha karibu naye nisome akianika samaki. Mtihani nilipita, kwa shida. Ugonjwa ulirudi fourth year, lakini safari hiyo nilisema wiki ya kwanza.

Leo nafundisha wanafunzi wa udaktari. Nilichojifunza: usingoje ugonjwa upite ndipo useme. Sema ukiwa bado unaanguka, kwa mtu mmoja tu atakayekaa nawe.

Mliopitia haya leteni yenu. Na wewe unayesoma kimya, uko chini, andika hapo hata neno moja. Nitajibu.