Mistari ya Mardochée

Fundi wa kompyuta wa sekretarieti yetu ya kuchapa barua, hapa Rumonge, alifuta vidole kwa kitambaa kabla ya kugusa kibodi, kwa sababu hakuacha kula ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akiwa kazini. Yeye na rafiki yake Mardochée walikuwa wameandika programu ya kusahihisha Kirundi, wakaiweka kwenye mtandao kwa leseni iliyomruhusu kila mtu kuitumia bure. Vita vilipofika Nyanza-Lac, Mardochée alipanda mtumbwi kuelekea Kigoma, na hatukusikia habari zake tena. Kisha akaja mama mmoja kutoka Bujumbura akitaka leseni ibadilishwe, ili kampuni yake iifunge programu ile na kuiuza. Kuibadilisha kulihitaji ruhusa ya waandishi wote wawili wa programu.

“Basi ufute ile sehemu yenye aliandika yeye, uandike yako,” mama alisema.

“Naweza, mama.” Fundi alifungua mistari ya programu iliyoandikwa na mwenzake, akaisoma polepole huku midomo ikicheza. Mahali fulani alicheka. “Hapa tulibishana mpaka mvua ikakatika.” Akaifunga bila kufuta kitu. “Tutamungoja mwenyewe.”

“Kwani yeye iko hai?” mama aliuliza kwa upole.

“Iko njiani,” alijibu, kisha akaniomba nifungue dirisha, akisema joto limezidi.