Nusu Kabla ya Robo

Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, imeshatumika Dubai kabla ya kufika kwangu. Ilikuwa miaka ya soko huria, maduka yaliyokuwa yakiuza vitenge tu yameanza kupanga redio, saa na kompyuta dirishani. Niliiweka juu ya meza ya chakula, nikaifunika kwa khanga isiingie vumbi, na nikitoka kazini nilijifunza jambo moja tu kwa siku. Mwalimu sikuwa naye. Nilikuwa na kitabu cha maelekezo kisicho na jalada, kutoka kwa wauza vitabu wa barabarani.

Jirani yangu wa chumba cha mbele alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma. Shirika lilipouzwa alipunguzwa kazi, akarudi nyumbani na flopi moja, diski ya kuhifadhia maandishi ya kompyuta, zile kubwa za zamani, nyembamba, zinazopinda kama kadi ya harusi. Ndani yake mlikuwa na mapishi ya marehemu mama yake. Mama yule hakuwahi kupima kwa kikombe. Alipima kwa kiganja. Binti, ndiye jirani yangu, alikuwa akisimama ubavuni mwake jikoni, na kila kiganja kilipoelekea sufuriani alikikinga kwa kikombe au kijiko, akaandika kipimo kilipofikia. Baadaye aliyapiga chapa kazini saa za mapumziko. Karatasi alizoandikia ziliharibika na mvua iliyovuja juu ya kabati. Ikabaki flopi peke yake, na kompyuta yangu haikuwa na mahali pa kuiingizia.

Nikaipeleka kwa mwenye duka aliyeniuzia kompyuta, mzee wa Kihindu aliyezaliwa ghorofani juu ya duka hilohilo. Alikuwa na mashine ya zamani yenye midomo miwili, mmoja wa flopi kubwa, mwingine wa flopi ndogo.

"Hii nimeshauza," aliniambia. "Mwenyewe anakuja kuchukua leo. Fanya haraka, bwana, isiondoke na pilau ya watu."

Faili lilifunguka, herufi nyeupe juu ya rangi ya buluu. Programu yangu ya nyumbani isingeweza kulisoma jinsi lilivyo. Tukalihifadhi upya kama maandishi matupu, yaani herufi peke yake bila mapambo, ambayo karibu kila kompyuta huyasoma. Tukalinakili kwenye flopi ndogo.

"Na hii kubwa utaipeleka wapi sasa?"

"Namrudishia mwenyewe."

"Akapepee jiko," alisema mzee, akaanza kuzungusha nyaya za mashine tayari kwa mteja wake.

Nyumbani nililifungua faili kwa hamu. Maneno yote yalikuwepo, hata samaki ng'onda wa nazi na alama yake ya juu. Lakini kwenye vipimo palikuwa na kitu nisichokijua. Visheti: sukari « kikombe. Pilau: pilipili manga ¬ kijiko kikubwa. Alama hizo mbili zilijirudia ukurasa baada ya ukurasa.

Jirani alikuwa amekwenda Bagamoyo kwenye shughuli ya ndugu zake, kwa hiyo nilimuuliza kitabu. Nikagundua kwamba kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi namba, na kila namba ina alama yake. Kwenye a, b na koma, mashine ya zamani na mpya zinapatana. Mbele zaidi kila moja ina orodha yake. Namba zangu zilikuwa 171 na 172. Katika mashine ya zamani zilikuwa sehemu za hesabu, bila shaka nusu na robo, kwa kuwa robo tatu jirani alikuwa ameiandika kwa maneno. Ipi ni ipi? Nikafikiri kwamba kilicho kidogo hutangulia kikubwa. Basi 171 ni robo, 172 ni nusu. Nikaiamuru kompyuta ibadilishe alama zote ziwe maneno, nikahifadhi juu ya faili lilelile kwenye flopi ndogo, nikachapa.

Jirani aliporudi nilimpa flopi yake kubwa na karatasi, akasoma akiwa bado amesimama mlangoni.

"Jirani, hivi visheti ni vya wagonjwa wa sukari?"

"Vina nini?"

"Sukari robo kikombe. Halafu pilau ina pilipili manga nusu kijiko kikubwa, ya kufukuzia wageni."

Nilimweleza hoja yangu, kwamba robo inatangulia. Akanitazama.

"Robo unaipataje kabla hujakata nusu?"

Niliwaza mkate, boga, kipande cha sabuni ya mche. Sikupata hata kimoja kinachoanzia robo.

Kurekebisha kulinifundisha jambo jingine. Ukigeuza kila nusu kuwa robo, zote zinakuwa robo na huwezi kuzitenganisha tena. Lazima upate neno la tatu la kuegesha kwa muda, neno ambalo haliwezi kuwamo katika mapishi. Nikachagua simenti. Nusu ikawa simenti, robo ikawa nusu. Hapo jirani akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Tangawizi simenti kijiko. Kwani mama yangu alikuwa fundi mwashi?"

"Subiri."

Simenti ikawa robo, akaguna kukubali. Kisha akaona, "Chemsha robo saa."

"Hapa niliandika nusu saa. Kwa mkono wangu."

Kompyuta ilikuwa imegeuza na maneno ya jirani mwenyewe pamoja na yale yaliyotokana na alama. Mashine ya dukani, ya kusomea flopi kubwa upya, ilishachukuliwa. Ikabidi tusome yote.

Alikaa kwenye kigoda, amefumba macho, mkono wa kulia wazi mapajani. Nilisoma kwa sauti. Kila nilipotaja kipimo, vidole vyake vilijikunja kidogo, kisha ndipo akasema "sawa" au "hapana". Yapo mapishi ambayo hakuwa ameyapika tangu msiba, na hapo alisema hakumbuki. Lakini nilikuwa nimeshaona kanuni. Kikifuata kikombe au kijiko, ni alama ya mashine, na mashine haibadili msimamo. Ikifuata saa au tatu, au likitangulia neno kata, ni neno la jirani. Kanuni ilitufikisha karibu mwisho.

Uji wa pilipili manga ulisema: sukari nusu. Basi. Bila kikombe, bila kijiko, kanuni haina pa kushika.

"Ulikuwa unaupika?" nikamuuliza.

"Mama alikuwa ananipikia mimi. Nikijifungua."

Akaenda kwake, akarudi na kopo la sukari na kikombe kilekile cha kukingia. Akamimina sukari kiganjani, akakikunja mpaka ikaacha kumwagika, akaitia kikombeni. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa chini kidogo ya robo.

"Mkono wa mama ulikuwa mkubwa kuliko wangu," alisema. "Andika robo kikombe."

Nikafuta nusu, nikaandika alivyosema, nikahifadhi, safari hii kwa jina jipya. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka na kikombe chake. Kutoka uani nikasikia mkaa unaanza kulia, na kitu chepesi kinapepea, fyap, fyap. Nikachungulia. Alikuwa anapepea kwa flopi kubwa.