Mlio wa Mlima wa Mwisho

Uthmani, mzaliwa wa Nyamugari, aliinunua kamyo yake, lori la mizigo, mwaka wa uhuru, na kwa miaka zaidi ya ishirini ilimla mikono. Usukani mzito kama kinu! Kila kona kutoka Gitega hadi Muyinga ilimtoa jasho. Lakini injini ilipoanza kulia kwenye mlima wa mwisho, mkewe Kulthumu aliisikia kutoka nyumbani kwao Muyinga, akainjika chai. Mumewe akifika, kikombe kinafuka.

Wanawe wakamshinda kwa maneno. Wakaing'oa injini ile huko Gitega, wakatia nyingine kubwa, tulivu, na usukani wa haidroliki unaozunguka kwa kidole kimoja. Siku ya kwanza Uthmani aliupanda mlima akicheka peke yake kama aliyeokota dhahabu. Akafika mlangoni jua lingali juu.

Alipochungulia uani, meko yalikuwa baridi. Kulthumu alikuwa ameketi kando ya birika, amempa mgongo, sikio kalielekeza mlimani. Bila kugeuka akafoka:

"We shofa, toa hiyo kamyo mlangoni! Mzee wangu iko njiani, na hapo ni fasi yake."