Chai Isiyochumwa Huwa Mti

Wewe uliye kitandani, unayesikia wenzako wakipita barabarani na vikapu wakicheka, na hakuna anayesimama kukuuliza umeamkaje, haya nimekuandikia wewe. Wazima wasome pia, lakini wakae nyuma.

Mimi ni nyanya wa watu. Shule niliionja tu, halafu nikatolewa kuchunga ng'ombe, kwa hivyo usitafute hapa Kiswahili cha kwenye vitabu. Shamba langu liko upande wa Merigi, kwenye mteremko unaoshuka mtoni. Chai ile tulipanda na marehemu mzee wangu tukiwa vijana. Kichaka cha kwanza alikipanda karibu na mlango wa jikoni, mahali pabaya kabisa, kwa sababu alitaka akinywa chai awe anaiona ikiota. Nilimwambia kitatuzuia kupita. Akasema, "Utazunguka." Mpaka leo nazunguka.

Kabla ya ugonjwa hapakuwa na mwanamke wa kunishinda kuchuma. Sijisifu, nasema tu. Nilichuma kwa mikono miwili kama kuku anayedonoa mtama: majani mawili na chipukizi lake, juu ya bega, ndani ya kikapu, bila kuangalia nyuma. Pale sentaa, tunapopeleka majani yapimwe, wanawake waliniita Mashini. Mzee alipokufa, na watoto wakaenda kwa kazi zao, sikusumbuka na upweke. Nilikuwa na chai. Chai inakuita asubuhi kama mtoto anayenyonya.

Ilikuwa wakati wa mvua ndefu, miaka ile ya tisini. Nilikuwa katikati ya mstari, jani likaniponyoka. Nikachukua lingine, nalo likaponyoka. Nikaukaripia mkono wangu wa kulia kwa sauti, "Wewe, una nini leo?" Nikadhani ni baridi, nikautia kwapani upate joto. Halafu mguu nao ukaondoka chini yangu kama kiti kilichovutwa, nikaanguka, kikapu juu yangu.

Aliyenipata ni jirani, Mama Akinyi. Yeye ni mtu wa kutoka ziwani. Bwana yake alifanya kazi kiwanda cha chai, na walikuwa wamekodi nyumba ng'ambo ya mpaka wangu. Nilijaribu kumweleza. Kilichotoka mdomoni kilikuwa uji.

"Mama Kipkoech! Na asubuhi hii yote umekunywa nini?"

Mimi, mama wa kanisa! Nilitaka kumtukana, na tusi pia likatoka uji. Ndipo akaona mdomo wangu umekwenda upande na mate yanashuka. Akatupa kikapu chake akapiga nduru mpaka watu wakatoka mabondeni.

Hospitalini daktari alisema ni presha. "Damu imeziba mshipa kichwani, mama. Ndiyo sababu upande wa kulia umepooza. Ulijua una presha?" Ningejulia wapi? Mimi hospitali nilijua ya kuzalia tu.

Nitasema wazi, kwa sababu wengi wanaficha. Nilikojoa kitandani. Niligeuzwa kama gunia la mahindi. Uji ulitoka pembe ya mdomo ukaingia shingoni, nisijue mpaka umepoa. Asubuhi moja niliamka nikapata mkono wa mtu chini ya mgongo wangu, nikashtuka nikataka kupiga kelele. Ulikuwa wangu.

Kulikuwa na dada mmoja wa mazoezi, msichana mwembamba mwenye mikono ya nguvu. Alinikunja kidole kimoja kimoja, akaniambia, "Kogo, huu mkono haijakufa. Imelala tu. Ukiiacha, itazoea kulala." Kogo kwetu ni nyanya.

Neno hilo lilinikaa. Sisi watu wa chai tunalijua. Kuna ncha ya chai inayokataa kutoa jani jipya. Inakaa hapo, ndogo, ngumu, imejifunga. Tunaiita banji. Haijakufa, imelala. Na dawa ya banji si kuiacha ipumzike. Unaivunja, na chini yake jicho lingine linaamka. Ukiihurumia, kichaka chote kinalala nayo.

Lakini nyumbani walinihurumia.

Kipkoech, kifungua mimba wangu, alikuwa na kazi Bomet mjini. Mke wake alikaa na mimi mpaka nikaweza kujivuta hadi choo kwa fimbo, halafu akarudi kwa watoto wake. Baada ya hapo Mama Akinyi aliniletea chakula asubuhi akienda chai, na jioni akirudi. Katikati hapo hapakuwa na mtu. Akina mama wa kanisa walikuja mwanzoni, wakaimba, wakaacha maziwa, kila mmoja akaniambia, "Pumzika, mama. Umefanya kazi ya kutosha." Kisha majani yakawa mengi shambani na hawakuja tena. Siwalaumu. Chai haingoji mgonjwa. Lakini siku ni ndefu, ndugu yangu. Mvua ya mchana inapiga mabati, huwezi kusikia hata pumzi yako. Kuku anaingia, anakuangalia kwa jicho moja, anatoka. Nilianza kumsalimia yule kuku. Kikapu changu kilining'inia ukutani na buibui akajenga ndani.

Jumapili moja Kipkoech alikuja na familia. Kwetu mtoto hamsalimii mkubwa kwa mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anamwekea kiganja juu. Mjukuu wangu Chelangat, mdogo kabisa, alikuja akainamisha kichwa chake. Nikauita mkono wa kulia. Haukuja. Nikanyoosha wa kushoto.

Mtoto akarudi nyuma. "Kogo, hiyo si ya kusalimia."

Mama yake akamvuta kwa haraka. Chelangat alibaki na kichwa chake bila salamu, na mimi nikabaki na mkono wangu hewani.

Baadaye nikawasikia wakiongea juu yangu, na mimi niko hapo hapo, kama mtu anayezungumzia ng'ombe aliyezeeka. Kipkoech alisema Krismasi atakuja na pikap anihamishe Bomet, kuna chumba nyuma ya nyumba yake. Chai itapewa mtu achume.

"Nani?" nikauliza. Ulimi ulikuwa umeanza kurudi.

"Mama, si uangalie shamba mwenyewe. Limekuwa msitu."

Niliangalia mlangoni. Kichaka cha mzee kilikuwa kimepanda juu ya kiuno cha mtu. Chai isiyochumwa huwa mti, na mti hauna kazi sentaa. Nikajua huko Bomet nitakuwa nini.

"Kipkoech," nikasema, pole pole, neno kwa neno. "Krismasi ukinikuta ninachuma, uniache. Ukinikuta nimelala, unibebe."

Alicheka kidogo, kisha akaona sicheki. "Sawa, Mama."

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoangukia, na mimi nilianguka kweli, kwa matako. Kesho yake nilichukua fimbo na kikapu nikashuka shambani. Nilitaka kumaliza mstari mzima. Mashini amerudi! Sikufika hata vichaka vichache. Mguu ukateleza kwenye matope, nikaenda chini katikati ya chai ndefu, mvua ikanyesha. Niliita. Nani angesikia? Chai ilikuwa imenifunika kama kaburi lenye majani. Nilijikojolea hapo. Nililia mpaka nikachoka kulia, na hakuna kilichobadilika, isipokuwa nilikuwa nimelowa zaidi.

Nilivyolala chali niliona chai kutoka chini, kitu ambacho sijawahi kuona maisha yangu yote. Juu, ikichumwa, ni meza ya kijani, laini. Chini ni vijiti tu, vimekunjamana, na kila mahali alama ndogo za kuvunjwa. Nikafikiri: ile meza tunayojivunia haikutengenezwa siku moja na panga. Ni kuvunja kidogo, na kurudi, na kuvunja kidogo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitengeneza, na nilikuwa nimesahau nilifanyaje.

Nilitoka hapo kwa kujiburuta. Mama Akinyi alinikuta mlangoni nimejaa matope mpaka kwenye nywele.

"Wewe mzee, kichwa yako ni ngumu kuliko jiwe ya kusagia! Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani? Ya kutafuta jeneza?" Lakini alinipashia maji, akaniosha mgongo bila kuharakisha, na hiyo sijasahau.

Tangu hapo nikaacha kuangalia shamba. Nilichukua kichaka kimoja, kile cha mzee, kwa sababu kiko hatua chache kutoka kitandani. Kila asubuhi, niliposikia wachumaji wakianza kupita barabarani, niliweka kikombe changu cha chai juu ya jiwe, nikaketi kwenye kigoda mbele ya kile kichaka. Sheria ilikuwa moja: mkono wa kulia usipovunja kitu, mdomo haunywi. Mwanzoni nilikuwa nabeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nauweka juu ya jani kama mtu anayemwekea mtoto kijiko. Kidole gumba kilikuwa kigumu. Mate yalinidondoka kwenye gauni. Chai ilipoa, ikafanya utando, na mara nyingine nilimmwagia kuku. Siku zilipita bila jani. Watu walipita wakaniona, wengine wakaacha kunisalimia, wakidhani akili nayo imekwenda.

Siku nilipovunja banji ya kwanza kwa gumba na kidole cha shahada, hapakuwa na mtu. Ilitoa ule mlio mdogo, tk. Niligeuka kumwonyesha mzee wangu. Ndiyo, niligeuka. Halafu nikanywa chai yangu ikiwa bado na moto, nikalia ndani ya kikombe.

Baada ya hapo sikujaribu kushinda jana. Nilijaribu tu nisikose leo. Siku nilipokuwa na nguvu sikuzidisha, na siku nilipokuwa sina nguvu sikuruka. Hilo la kwanza ndilo gumu kwa mtu wa kiburi kama mimi. Kichaka cha mzee kikashuka, kikawa meza. Nikasogeza kigoda mpaka cha pili.

Kipkoech alikuja na Chelangat kabla ya Krismasi kwa pikap, na godoro nyuma la kunilaza. Alikuta nyumba tupu. Nilimsikia akiita, "Mama! Mama!" kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni, na sikujibu upesi, Mungu anisamehe, niliifurahia ile sauti. Kisha nikasema, "Niko kazini."

Alinikuta mstarini. Nilikuwa nachuma kwa mkono wa kushoto na vidole viwili vya kulia, pole pole kama kinyonga. Kikapu hakikuwa kimefika nusu. Akanyoosha mikono akipokee.

"Acha," nikamwambia. "Ukikibeba, utanibeba na mimi."

Alinifuata nyuma mpaka sentaa, hatua kwa hatua, akikohoa kila nilipoyumba. Karani akamwaga majani yangu juu ya meza, akayachambua, akatafuta magumu ya kutupa. Hakupata.

"Mashini," akasema, "imekuwa Mashini ya zamani, lakini bado inakata safi."

Godoro lilirudi Bomet bila mtu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, na yule dada wa mazoezi, na Mama Akinyi, ambaye hakuwa ukoo wangu wala kabila langu na aliniosha. Dawa za presha nameza kila siku, na wewe meza, usiache kwa sababu unajisikia mzima. Sikudanganyi kwamba upweke uliisha. Mvua bado inapiga mabati, na kuku bado ananiangalia kwa jicho moja. Lakini nikikaa peke yangu sasa, nakaa kwangu. Ukitaka jambo kubwa, chagua kichaka kilicho karibu na mlango. Watu wakikuambia pumzika, washukuru, halafu nyoosha mkono.

Siku ile ya pikap, kabla hawajaondoka, Chelangat alisimama mbali, akiangalia mikono yangu yote miwili asijue ni upi utakuja. Kisha akasogea, akainamisha kichwa.

Mkono wa kulia ulipanda. Ulichelewa, mtoto akangoja. Ukatua juu ya nywele zake ukabaki hapo, kwa sababu kuutoa pia ilikuwa kazi.

"Kogo," akasema akiwa bado ameinama, "ni mzito."

"Uache uwe mzito," nikamwambia. "Umetoka mbali."