Mnara wa Dadu Uliokwenda Laela

Kasimiri, mkata ngao za ushindi na vibao vya milangoni pale Sumbawanga mjini, alikuwa na mashine ya leza, akili timamu, na mkosi mmoja: alimpenda Evodia, binti wa mzee Teodori wa Laela. Mzee alishatoa kauli. Posa ataisikiliza siku Kasimiri atakapomfunga ludo. Ndiyo hivyo, mtu mzima na mvi zake!

Mwaka mzima, kila Jumapili baada ya misa, Kasimiri alipanda basi kwenda kufungwa. Mzee Teodori alikuwa harushi dadu, anaiweka. Anaikumbatia kiganjani, anakohoa, kisha anaitua mezani taratibu kama yai, sita juu. Sasa nani amwambie baba wa mchumba kwamba anaiba? Labda mtu aliyechoka kupenda.

Basi Kasimiri akachora mnara kwenye kompyuta: dadu iingie juu, igongane na vibao vitatu vilivyoinama, itokee chini kwenye kisinia. Leza ikakata plaiwudi, duka zima likanuka moshi. Mnara wa kwanza ulimeza dadu na haukuitema. Wa pili ulilegea kila kiungo, maana alisahau kwamba leza nayo hula mbao kidogo inapokata, ukasambaratika alipopiga chafya. Wa tatu ukasimama. Alitaka kulia kwa furaha. Jumapili akapanda nao basi la Laela.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea kitu, usiwe unachosha mkono."

"Marahaba. Kanisa la panya hili?"

Wakacheza. Dadu ya mzee ikatoa moja. Ikatoa mbili. Ikatoa moja tena. Mzee alikohoa mpaka Evodia akaleta maji, mnara haukujali. Kete ya mwisho ya Kasimiri ikaingia nyumbani.

"Hujanifunga," mzee alisema. "Dadu karusha nani?"

"Mnara."

"Basi kanifunga mnara. Posa nitaisikiliza kutoka kwake."

Kasimiri alihisi hasira ya mabasi yote ya mwaka ule ikimpanda kichwani. Halafu wazo likamjia.

"Sawa kabisa, mzee. Tangu lini muoaji akajisemea? Huyu ndiye mshenga wangu."

Evodia alicheka hadi akakaa chini. Kasimiri akatoa barua ya posa, iliyokwisha kuchakaa mfukoni, akaikunja vizuri akaitia juu ya mnara. Ikakwama. Mzee akasubiri. Akaugonga mnara kwa adabu, kama abishaye hodi ukweni, mwishowe akaingiza vidole akaivuta mwenyewe.

Aliisoma mara mbili.

"Ukishamchukua," alisema bila kuinua macho, "Jumapili utakuwa unakuja?"

Kasimiri aliona aibu. Mwaka mzima alidhani mzee anamnyima binti, kumbe alikuwa anaogopa kubaki peke yake.

"Nitakuja, baba."

"Haya. Panga kete."